Tusizizike Kompyuta Zilizo Hai

Muulize mwanafunzi yeyote wa somo la Kompyuta, awe Nangina, Funyula au Malaba, akueleze tofauti baina ya kuiwasha kompyuta iliyokuwa imezimwa kabisa na kuiwasha upya ile iliyokuwa ikifanya kazi. Atakujibu bila kusitasita, kwa ufasaha wa kupendeza, kwa kuwa jambo hilo limo katika kitabu na huulizwa katika mtihani. Kisha mpeleke mwanafunzi huyo huyo mbele ya kompyuta inayokataa kuwaka, umpe flashi iliyobeba mfumo endeshi mpya, umwombe aiamshe. Hapo ufasaha wote humwishia. Wala si yeye peke yake. Aghalabu mwalimu wake pia hubaki ameshika kiuno, akiitazama skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi meupe, na uamuzi unaofuata huwa ni ule ule: mashine imekufa, ifunikwe kitambaa, ingojewe siku ambayo shule itapata fedha za fundi kutoka Busia.

Nathubutu kusema kwamba nyingi katika mashine hizo hazijafa. Zinasema jambo, na zinalisema kwa uwazi, ila sisi hatujawafunza vijana wetu kulisikiliza.

Hasara ya kuifunika kitambaa mashine iliyo hai huangukia watoto. Tuchukue darasa la wanafunzi 40 lenye kompyuta 10. Katika kipindi cha dakika 40, kila mwanafunzi anaweza kukaa mbele ya kibodi kwa dakika 10. Zikifunikwa kompyuta nne, dakika hizo hupungua hadi sita. Mtoto wa Nairobi aliye na kompyuta nyumbani hatazikosa dakika nne hizo. Mtoto wa Samia, ambaye maabara ya shule ndiyo kompyuta yake ya pekee, atazikosa wiki baada ya wiki.

Jambo hili limezidi kuwa na uzito kwa sababu mbili. Kwanza, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, ilhali Windows 11 iliyoifuata hudai masharti ambayo kompyuta kuukuu haziyatimizi, kikiwamo kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Maabara nyingi za shule zetu zina mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Kwa masharti hayo zimehesabiwa kuwa wazee, ijapokuwa zingeweza kufanya kazi kwa miaka kadhaa zaidi kama zingepewa mfumo mwingine, mathalani Ubuntu, Debian au Linux Mint, ambayo hutolewa bila malipo. Pili, Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika shule za sekondari za ngazi ya juu chini ya mtaala mpya wa umilisi. Mtaala huo unajigamba kwamba unamfunza mtoto kutenda. Basi haja ya mashine inapanda wakati ule ule ambapo mashine zinahukumiwa.

Kuziokoa kunaanza na flashi, na hapa ndipo wengi hukwama kabla hata hawajaigusa kompyuta yenyewe. Mtu hulipakua faili la mfumo endeshi kutoka kwenye intaneti, akalinakili kwenye flashi kama anavyonakili wimbo au picha za harusi, kisha akashangaa mashine inapoipuuza. Kompyuta inapoamka haitafuti faili lolote tu. Hutafuta maelekezo yaliyopangwa mahali maalumu na kwa mpango maalumu, kama vile mgeni anavyotafuta mlango wala si tofali. Ndiyo sababu ziko programu za kuitayarisha flashi, kama Rufus na balenaEtcher, ambazo kazi yake ni kuyapanga maelekezo hayo. Iko pia Ventoy, ambayo flashi ikishatayarishwa nayo mara moja, huruhusu mafaili kunakiliwa hivi hivi. Pamoja na hayo, zote huifuta flashi zinapoitayarisha, na mwalimu aliyehifadhi humo alama za muhula mzima yafaa alijue hilo mapema.

Lipo pia suala la faili lenyewe. Mfumo wa Windows 11 au Ubuntu ya siku hizi hupita GB 5. Anayeupakua kwa vifurushi vya simu, usiku, mtandao ukikatika na kurudi, hana uhakika kwamba amepata faili zima. Hata hivyo watengenezaji wengi huchapisha alama ya kulitambulisha faili lao, ile iitwayo SHA-256, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Windows ina amri ya certutil na Linux ina sha256sum za kuikokotoa alama hiyo. Likipungua herufi moja tu ndani ya faili, alama nzima hubadilika. Kulinganisha alama mbili huchukua dakika chache na humwokoa mtu na siku nzima ya kuilaumu kompyuta isiyo na hatia. Kuhusu flashi bandia, zile zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani yake zina GB 8, sitasema mengi: zinauzwa kote ulimwenguni, hupokea kila unachoandika bila kulalamika, na hukupa maji yaliyopita kwenye pakacha. Programu ndogo ya H2testw huzifichua.

Sasa tuseme flashi ni nzima. Mashine bado inaandika "No bootable device". Hapa napenda walimu wa Kiswahili waingie maabara, maana mwanafunzi asiyeweza kuitafsiri sentensi hiyo kwa lugha anayoiota bado hajaielewa. Maana yake ni hii: nimetafuta kila mahali nilipoagizwa, sikuona kifaa chenye uwezo wa kuniamsha. Neno la kuangaliwa ni "nilipoagizwa". Huenda mashine haikuagizwa kuitazama flashi hata kidogo. Kila kompyuta ina orodha ya mahali pa kutafuta na mpangilio wa kutafuta, na iwapo diski ya ndani imetangulia katika orodha, flashi itakaa pale hadi jioni bila kuulizwa. Dawa yake ni kubonyeza kitufe kinachofaa mara tu baada ya kuiwasha: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc au F9 kwa HP nyingi. Nimekwisha kuona walimu wenye shahada wakiilaani mashine ambayo haikuhitaji zaidi ya kidole kimoja kwenye F12.

Kama flashi haionekani katika orodha hiyo, ihamishwe kwenye tundu jingine, hasa lile la nyuma ya kompyuta ya mezani, ambalo huwa limeungwa moja kwa moja na ubao mkuu. Ikiwa bado haionekani, yafaa kuuliza kama imetayarishwa kwa lugha ambayo mashine inaielewa. Mashine za kale huamka kwa utaratibu uitwao BIOS; za miaka ya karibuni huamka kwa UEFI. Programu ya Rufus humwuliza mtu waziwazi ni mashine ya aina gani anayoikusudia, na wengi hujibu swali hilo kwa kubahatisha, kama mtahiniwa aliyebakiwa na dakika moja.

Kisha kuna kile kinachoitwa Secure Boot, ambacho huwasumbua watu kuliko vyote. Sisi wa mpakani tuna bahati, maana tunaweza kukieleza bila taabu. Anayepita katika kituo cha mpaka cha Busia huombwa hati. Ofisa wa uhamiaji hamwulizi msafiri kama ni mzima wa afya, wala kama mkewe anamngoja Tororo. Humwuliza hati ina mhuri wa mamlaka inayotambulika au haina. Asiye nao hurudishwa, hata kama ni mtu mwema. Secure Boot ndiye ofisa huyo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 zina daftari la mihuri zinayoitambua, na programu ya kuamshia isiyo na mhuri huo hurudishwa mlangoni. Flashi ni nzima, mashine ni nzima, lakini hati haikukubaliwa.

Mihuri nayo huweza kubatilishwa. Agosti 2024 sasisho moja la Windows liliongeza katika kompyuta orodha ya hati zisizokubalika tena, na watu wengi duniani waliokuwa na Linux na Windows ndani ya mashine moja waliamka asubuhi wakakuta maandishi "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation". Flashi iliyofanya kazi jana ilikataliwa leo. Aliyekuwa hajui alidhani diski imeharibika. Aliyeyasoma maandishi alitambua kwamba kanuni ya usalama imeguswa, akatafuta toleo jipya zaidi la mfumo wake. Vilevile, vyeti vya Secure Boot ambavyo Microsoft ilivitoa mwaka 2011 muda wake huanza kwisha Juni 2026. Mashine hazizimiki kwa sababu hiyo pekee, lakini ni vyema mwalimu anayetunza flashi ya zamani katika droo ajue kwamba hati nazo huzeeka.

Wako mafundi wanaomshauri kila mtu akizime Secure Boot, akisahau. Siungi mkono. Kukizima kwa muda ili kujua kama ndicho kizuizi ni uchunguzi halali. Kukiacha kimezimwa daima katika maabara ambamo watoto 40 huchomeka flashi zao kila siku ni kumwondoa ofisa mpakani kwa sababu alimrudisha msafiri mmoja. Ubuntu, Fedora na Debian tangu toleo lake la 10 la mwaka 2019 zina mihuri inayotambulika. Atumie toleo jipya, amwache ofisa kazini. Tena tahadhari moja: katika mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, kubadilisha mpangilio huo kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Asiye na ufunguo huo asiguse.

Lipo jambo dogo ambalo katika shule zetu lina makuu. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayoitunza saa na mipangilio wakati stima haipo. Maabara zetu hufungwa likizo nzima, swichi kuu ikiwa chini. Betri hiyo ikiisha, kompyuta husahau kila kitu ilichoagizwa na kurudia mipangilio ya kiwandani, saa yake ikirudi nyuma miaka. Mwalimu hufungua muhula mpya akakuta mashine zisizowaka vizuri, akaandika katika ripoti kwamba zimeharibika kwa sababu ya uzee. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na hubadilishwa kwa mkono.

Nimeyataja haya kwa urefu makusudi, ili msomaji aone kwamba hakuna uganga ndani yake. Kila hatua ina swali, na kila swali lina jibu linaloweza kupimwa. Faili ni zima? Flashi imetayarishwa? Mashine imeagizwa kuitazama? Inaielewa lugha yake? Inaukubali mhuri wake? Wakati mwingine hata baada ya yote hayo mfumo huanza kusakinishwa lakini hauioni diski ya ndani, na hapo huwa ni suala la programu ya kuiendesha diski au mpangilio wa Intel uitwao RST. Ni swali jingine tu katika msururu ule ule.

Julai 19, 2024 dunia nzima ilipewa somo hili. Sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizilemaza kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Safari za ndege zilifutwa, hospitali na benki zikatatizika. Wataalamu waliozifufua mashine hizo walikwenda kwenye mashine moja baada ya nyingine, wengi wao kwa mikono yao, wakaziamsha kwa njia ya usalama na kulifuta faili lililokosewa. Siku chache baadaye Microsoft ilitoa zana ya kuwasaidia, na zana hiyo ilikuwa ya kuwekwa kwenye flashi. Ujuzi uliohitajika siku ile katika viwanja vya ndege vya Marekani na Ulaya ndio huo huo unaohitajika katika maabara iliyo chini ya vilima vya Samia.

Na mfano wa akili hiyo tunao hapa hapa. Mpaka huu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, tangu enzi za waendesha baiskeli waliowavusha watu kati ya kituo na kituo. Mtazame fundi wa baiskeli za Busia anapoletewa baiskeli inayoruka mnyororo. Haitupi. Huigeuza juu chini, akaizungusha gurudumu, akasikiliza. Hukaza kitu kimoja, akazungusha tena. Hakazi mnyororo, akabadilisha gia na kulegeza breki kwa mara moja, kwa kuwa ikipona hatajua kilichoiponya. Wanafunzi wetu hufanya kinyume chake. Hubadilisha mipangilio mitano kwa pamoja, mashine ikakataa zaidi, wakaiacha ikiwa mbaya kuliko walivyoikuta.

Najua lawama zitakazotolewa. Walimu watasema kwamba wanafunzi wakiruhusiwa kusakinisha mifumo watafuta data za shule. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Usakinishaji huweza kuifuta diski nzima kwa kubofya mara mbili, na hakuna machozi yatakayorudisha alama za Kidato cha Nne. Basi zoezi lifanyiwe kwenye mashine moja iliyotengwa, isiyo na kitu cha thamani, na yote yaliyomo katika mashine nyingine yanakiliwe mahali pawili kabla ya mtu kuigusa. Wengine watasema hii ni kazi ya mafundi. Kuna kazi zao: kisanduku cha kupokea umeme ndani ya kompyuta kisifunguliwe na mtoto kamwe, kwa kuwa huweza kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Lakini kuchagua flashi katika orodha si ufundi wa kulipiwa nauli.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ya mtihani. Katika KCSE somo la Kompyuta lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Vitendo vyenyewe huelemea lahajedwali, hifadhidata na uchapishaji, na mwalimu mwenye busara hufundisha kinachotahiniwa. Simlaumu. Wa kuulizwa ni Baraza la Mitihani na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Hao wanaweza kuagiza kwamba katika mtaala mpya mwanafunzi apewe mashine iliyogomeshwa makusudi, aandike alichokiona, alichokishuku na alichokijaribu kwa mfululizo, na atuzwe alama kwa mfululizo huo hata kama mashine haikuwaka. Tathmini za shuleni, ambazo mtaala huu umezipa nafasi, zinalimudu jambo hilo bila gharama yoyote. Wanafunzi wa teknolojia katika Chuo Kikuu cha Alupe, kilichomo humu humu kaunti ya Busia, wangeweza kutembelea maabara za shule wakati wa mazoezi yao ya kazi. Wengi wao wenyewe walisomea kwenye kompyuta zilizofunikwa.

Kuhusu lugha, sitaki kuufufua mzozo wa zamani wa kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mashine haiwaki haraka zaidi kwa kuitwa tarakilishi. Ila nakumbusha kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba lugha hii haiwezi kubeba mambo haya. Kinachokosekana ni maelezo ya hitilafu yaliyoandikwa kwa Kiswahili na walimu wenyewe, kwa ajili ya mashine walizo nazo.

Hilo linaweza kuanza Jumatatu, kwa daftari la kurasa 96 lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya maabara. Ukurasa wa kwanza uandikwe nambari ya kila kompyuta, aina yake, kama ni ya BIOS au UEFI, na kitufe cha kuitia kwenye orodha ya kuamkia. Kurasa zinazofuata ziandikwe tarehe, maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini bila kufupishwa, tafsiri yake, kilichojaribiwa na matokeo yake, pamoja na jina la mwanafunzi aliyejaribu. Mwalimu akihamishwa, daftari libaki.